Acheni Watoto wa Chekechea Wacheze na Vina

Kuna kauli ambayo wazazi wa Kitengela hawachoki kuirudia kila shule zinapofunguliwa: "Silipi karo mtoto akaimbe." Mzazi hufungua daftari la mtoto wa miaka minne, akakuta kurasa tupu, akakata kauli kwamba mwalimu hafanyi kazi. Muhula haujaisha, mtoto amekwisha kuhamishiwa akademia nyingine ng'ambo ya barabara ya Namanga, ambako watoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hunakili ubaoni sentensi wasizoweza kuzisoma na kubebeshwa kazi ya ziada ya kufanyia nyumbani. Eti huko ndiko kusoma. Huko ni kumpotezea mtoto wakati na mzazi pesa, kwa sababu kusoma hakuanzi na kalamu. Kusoma huanza na sikio.

Hebu tuutazame huo "mchezo" wa vina unaobezwa. Mwalimu anayeijua kazi yake hutandika mkeka, akapanga juu yake kikombe, chupa, sahani na mchanga kidogo kwenye kifuniko. Kando huweka mfuko wenye ng'ombe wa udongo, mfupa, jani na shanga. Mtoto hutia mkono, akatoa ng'ombe, akamtaja kwa sauti, kisha akamtafutia mkekani mwenzake wa kina. Mtoto wa mfugaji wa Kajiado huenda akamsogeza ng'ombe kwenye jani, kwa kuwa ng'ombe hula majani. Mwalimu hamkemei, humwambia ataje tena, polepole: ng'ombe, jani, ng'ombe, chupa, ng'ombe, kikombe. Siku mtoto atakapomweka ng'ombe kando ya kikombe, mfupa kando ya chupa na shanga kando ya mchanga bila kuelekezwa, atakuwa amejifunza kuisikiliza sauti ya neno badala ya kufikiria maana yake tu. Asiyeweza hilo atayakariri maneno yote ubaoni kama picha, na neno jipya litamshinda.

Haya si mawazo ya walimu wavivu. Mwaka 1983, Lynette Bradley na Peter Bryant wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti wao katika jarida la Nature. Watoto walipewa picha za vitu wanavyovijua. Kundi moja lilizipanga kwa sauti za majina yake. Jingine lilizipanga picha hizo hizo kwa maana, wanyama na wanyama, vyombo na vyombo. Kundi la tatu lilizipanga kwa sauti na kuongezewa herufi za plastiki za kushika mkononi. Hili la tatu ndilo lililotia fora katika kusoma na kuendeleza maneno, likaliacha mbali lile la maana. Zingatieni: sikio lilitangulia, mkono ukafuata, herufi ikaja ikakuta sauti inayoisubiri. Hata mtaala wetu wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, hutanguliza kusikiliza na kuzungumza katika shughuli za lugha za chekechea. Wanaodai daftari lijae wanapingana na mtaala ambao wao wenyewe hununulia vitabu.

Wapo wanaojifanya wataalamu, wakisema vina ni mambo ya Kiingereza, kwani Kiswahili maneno karibu yote huishia kwa irabu, basi kuna la kufundisha? Anayesema hivyo amewasahau malenga. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi yaliyoishi vinywani mwa watu kabla hayajakusanywa na kuchapishwa, na kilichoyashikilia humo ni mizani na vina. Kina cha Kiswahili ni silabi, na silabi ndiyo ngazi ya kusomea Kiswahili. Ndiyo maana kila darasa la chekechea lina chati ya ba, be, bi, bo, bu ukutani. Mtoto aliyekwisha kuisikia "mbe" katika ng'ombe na kikombe hataiogopa akiikuta imeandikwa. Ambaye hakuisikia ataiimba chati nzima kama kasuku. Kwa mtoto anayezungumza Kimaa nyumbani, kitu kilicho mkononi kina faida ya pili: neno ambalo bado ni geni kwake halimpotei, kwa kuwa amelishika.

Kisha huja hoja ambayo haikosekani: "Sisi tulinakili ubaoni na tukafaulu." Mliofaulu ndio mnaozungumza, waliokwama hawaalikwi kwenye mikutano ya wazazi. Kwa miaka mingi tathmini za kusoma za mpango wa Uwezo zimeonyesha watoto wengi wa darasa la tatu wakishindwa na hadithi ya darasa la pili. Kama kunakili kungekuwa dawa, ugonjwa huu ungekwisha zamani. Lakini tunapenda kuonekana kuliko kujua. Ndiyo maana tunawavisha watoto wa PP2 majoho ya mahafali kwa ada ya ziada, na shule hiyo hiyo haina hata mkeka wa kukalia.

Vitu vya somo hili havina gharama: vizibo, vijiti, mifupa, shanga, mchanga wa mtoni. Kinachogharimu ni mwalimu, na hapo serikali ya kaunti haina pa kujificha, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea. Iajiri walimu wa kutosha, iwalipe kwa heshima, iwape nafasi ya kufundisha walivyofunzwa. Nanyi wazazi, mkutano ujao msiulize mtoto ameandika kurasa ngapi. Mwambieni awatajie vitu viwili vya nyumbani ambavyo majina yake yana sauti moja mwishoni. Akiweza, mwalimu wake anafanya kazi. Mwacheni mtoto hapo hapo.