Ofisi ya Ajira Chuoni: Mjomba wa Asiye na Mjomba

Wimbo wa "elimu ni ufunguo wa maisha" tumeimbiwa tangu tulipojua kushika penseli, na mimi siupingi. Ila nina swali dogo. Ukipewa ufunguo usionyeshwe mlango, utafungua nini? Kila mwaka maelfu ya vijana hutoka katika vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi vya nchi hii wakiwa na funguo zao mkononi, kisha huanza kukanyaga lami. Hubeba bahasha ya kaki, huenda lango hadi lango, na langoni hukutana na kibao kile kile: HAKUNA KAZI.

Ukiwauliza watu sababu, jibu ni moja tu. "Kazi siku hizi ni kujuana, bwana! Kama huna mjomba pale ndani, rudi nyumbani ukafuge kuku." Hata bwenini kwetu, taa zikishazimwa, mazungumzo huwa ni hayo hayo. Maoni yangu ni kwamba maneno haya yana ukweli, lakini ni ukweli nusu. Tukiacha mambo ya hongo, ambayo ni wizi kama wizi mwingine, hebu tujiulize: mjomba humfanyia mpwa wake nini hasa? Humwambia kazi imetangazwa wapi. Humsomea barua yake na kumwonyesha palipoharibika. Humweleza maswali yatakayoulizwa katika mahojiano. Humtafutia mahali pa kujifunzia kazi wakati wa likizo. Jamani, hayo si uchawi! Ni habari na mazoezi. Na chuoni ipo ofisi ambayo wajibu wake ni huo huo. Wengine huiita ofisi ya huduma za ajira, wengine idara ya ushauri wa taaluma. Mimi naiita mjomba wa asiye na mjomba, na naona heri tuijue kabla hatujaondoka hapa shuleni.

Ofisi za namna hii hazikuanza jana. Chuo Kikuu cha Oxford, kule Uingereza, kiliunda kamati ya kuwasaidia wahitimu wake kupata kazi mwaka wa 1892. Nchini Marekani, mwaka wa 1908, Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston ya kuwashauri vijana, na wengi waliomwendea walikuwa watoto wa wahamiaji na wafanyakazi wa kawaida, yaani watu wasio na mjomba. Fundisho lake lilikuwa na mambo matatu. Kwanza, ujijue wewe mwenyewe. Pili, uzijue kazi na masharti yake. Tatu, upime kwa akili kama hayo mawili yanapatana. Zaidi ya miaka 100 imepita, na sidhani kama kuna ushauri bora kuliko huo.

Hapa kwetu, haja ya ofisi hii haikuonekana upesi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka wa 1970, wahitimu walikuwa wachache, na Serikali ilikuwa na nafasi nyingi za kujaza. Kilikaa peke yake kama chuo kikuu cha umma hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka wa 1984. Leo vyuo vikuu vya umma pekee vimepita 30. Wakati vyuo vinaongezeka, kazi za kungojea zilikuwa zinapungua. Mwalimu wa zamani alitoka chuoni akapangiwa shule moja kwa moja. Mwaka wa 1998 utaratibu huo ulisimamishwa, na tangu hapo mwalimu naye hungoja nafasi itangazwe, aombe, ashindane na wenzake. Kwa hivyo mhitimu wa leo anahitaji maarifa ambayo mhitimu wa mwaka wa 1970 hakuyahitaji. Anahitaji kujua kuitafuta kazi.

Sasa, ofisi hii hufanya nini? Kwanza, humfundisha mwanafunzi kuandika barua ya kuomba kazi na wasifu-kazi. Hapa sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna la kujivunia. Wako wenzetu wanaolalamika kwamba uandishi wa barua rasmi ni mzigo, ati ni wa kupitia mtihani tu. Kumbe swali la kwanza la karatasi ya insha, lile la lazima, ni mazoezi ya mkate wa kesho! Mwajiri aliye na barua 500 mezani haoni haya kuitupa iliyokosa anwani au mada.

Pili, ofisi huandaa mahojiano ya majaribio. Mwanafunzi huketishwa mbele ya watu watatu wanne, akaulizwa maswali, kisha akaelezwa alipoteleza. Tatu, huwaalika waajiri chuoni ili wazungumze na wanafunzi ana kwa ana. Nne, na kwangu hili ndilo kubwa, husaidia wanafunzi kupata mafunzo ya nyanjani, yale yanayojulikana na wengi kama atachimenti. Tano, huwajulisha wahitimu nafasi za uanagenzi, kama zile za Tume ya Utumishi wa Umma, ambapo mhitimu hufanya kazi katika ofisi za Serikali kwa miezi 12 na kupata uzoefu.

Nimesema atachimenti ndiyo kubwa, na nitaeleza kwa nini. Matangazo mengi ya kazi hudai uzoefu. Kijana atautoa wapi uzoefu naye hajaajiriwa? Hapo ndipo wengi hukwama. Kaka yangu mkubwa alisomea takwimu. Baba yetu ni mkulima, na mama huuza mboga sokoni. Ukoo mzima hauna mtu wa ofisini. Alipokuwa mwaka wa pili, mwenzake wa chumba alimpeleka katika ofisi ya ajira ya chuo chao. Hakupewa kazi. Alipewa orodha ya mashirika yanayopokea wanafunzi, akasahihishiwa barua mara mbili, na akaambiwa apeleke maombi miezi mitatu kabla ya likizo, si wiki moja kabla. Alipata nafasi. Alichapa kazi, na msimamizi wake akaandika maoni mazuri katika kitabu cha mafunzo. Alipohitimu, msimamizi huyo huyo ndiye aliyempigia simu nafasi ilipotokea, akaomba na kuhojiwa kama wengine, akachukuliwa. Watu kijijini wakasema, "Ana mtu pale." Ni kweli, alikuwa na mtu. Lakini mtu huyo alimpata kwa jasho, kupitia ofisi iliyo wazi kwa kila mwanafunzi wa chuo kile.

Kuna watakaosema kwamba ofisi haiwezi kuumba kazi ambazo hazipo. Nakubaliana nao. Uchumi ukiyumba, hata barua nzuri namna gani hurudi bila jibu. Hata hivyo, ofisi hii inaweza kumwepusha kijana na hasara ya pili. Jirani yetu, mwenye shahada yake safi kabisa, alimlipa bwana mmoja pesa za "kuharakisha faili" ili apate kazi. Bwana yule hakuonekana tena, na pesa zilikuwa za ng'ombe wa nyumbani. Kijana aliyezoea kuuliza mahali panapofaa angeambiwa mapema kwamba Tume ya Utumishi wa Umma haitozi ada kwa mtu yeyote anayeomba kazi. Tena tusisahau kuwa wengi wetu tutasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Mkopo huo unadaiwa hata kama kazi haijapatikana.

Lawama yangu kwa vyuo ni mbili. Kwanza, ofisi hizi nyingi husikika mwanafunzi akiwa mwaka wa mwisho, anapokimbizana na joho la mahafali. Wakati huo likizo zote za kujifunzia kazi zimekwisha. Ofisi ingefaa kuonyeshwa kwa mgeni siku ya kwanza, pamoja na maktaba na zahanati. Pili, ofisi hizi hujua mambo ambayo sisi wa sekondari tungefaidika nayo sana. Tunapojaza fomu za KUCCPS, tunachagua kozi kwa jina zuri, au kwa kuwa alama zimetosha. Chuo kingetuambia waliohitimu kozi fulani miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa, wangapi wamepata kazi inayohusiana na masomo yao, na wangapi bado wanatafuta, tungechagua kwa macho mawili. Vyuo vinavyotuomba karo vina deni la kutuambia ukweli huo.

Chukua Kiswahili chenyewe. Ukisema unataka kukisomea, unaambiwa utaishia kushika chaki. Kushika chaki ni kazi ya heshima, lakini si hiyo tu. Mwaka wa 2021 UNESCO ilitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka wa 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Wanahitajika wafasiri, wakalimani, wahariri na watangazaji. Mshauri mzuri wa taaluma atamweleza mwanafunzi kazi hizo zinataka nini, na pia atamwambia bila kumficha kwamba nafasi zake si nyingi, na lugha ya pili ya kigeni itamfaa.

Kwa walimu wetu wapenzi, ombi langu ni kwamba mwalimu wa ushauri wa taaluma atengewe saa na chumba, asiwe wa kukimbiliwa wiki ya kujaza fomu tu. Nasi wanachama tunaweza kuanza bila kungoja bajeti. Muhula ujao tuandae kikao kimoja cha mahojiano ya majaribio, kwa Kiswahili, na tuwaalike wanafunzi wa zamani walio vyuoni waje watueleze ofisi zao za ajira zinafanya nini na hazifanyi nini.

Na utakapofika chuoni, mwenzangu, usiulize tu mahali pa kulia chakula. Uliza ofisi ya ajira iko jengo gani, uende wiki hiyo hiyo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Shime, tusingoje wajomba!