Nani Alipie Njia ya Kulungu?

Hadi mwaka 2011, wataalamu wa wanyamapori wa jimbo la Wyoming, Marekani, waliwachukulia kulungu wa Red Desert kuwa wakazi wa kudumu wa nyika ile kavu. Kisha mtafiti Hall Sawyer akawavisha baadhi yao mikanda ya shingoni yenye GPS. Baridi ilipopungua, kulungu wale wakaondoka. Walikwenda kaskazini kilomita 240 hivi, hadi bonde la Hoback, na kabla ya baridi nyingine wakarudi walikotoka. Mwenye ranchi angeweza kuona kundi likikatiza kwake kila mwaka asijue linatoka wapi wala linaishia wapi.

Kulungu huyu, ambaye Wamarekani wamempa jina la baghala kwa ajili ya masikio yake marefu, hukusanya afya yake safarini. Majani machanga huanza kuchipua mabondeni, kisha hupanda milima polepole kadiri theluji inavyoyeyuka, naye huyafuata akiyala yangali laini. Kwa hiyo njia yenyewe ni malisho. Hapo ndipo inapoanguka ile hoja nyepesi kwamba mnyama akizibiwa njia moja atatafuta nyingine. Hata akiipata, akifika kabla majani hayajaota au yameshakomaa, ataingia msimu wa baridi hana mafuta mwilini. Na baridi ya huko haina huruma: mwanzoni mwa 2023, katika kundi la Wyoming Range, karibu watoto wote waliovishwa mikanda walikufa.

Karibu kila mtu Wyoming atakuambia anawapenda kulungu. Wengi huwawinda, na nyama yao imejaa kwenye friji. Ubishi huanza ukiuliza nani atoe fedha na nani azuiwe kufanya nini kwenye ardhi yake.

Maana ushoroba huu, yaani njia yao ya kuhama, hauna mwenyewe mmoja. Unapita ardhi ya serikali kuu, ya jimbo na ya watu binafsi, na unakatiza nyua nyingi za seng'enge. Uzio ni adui mdogo anayeua kimyakimya: waya wa chini ukikaribia sana ardhi, mtoto hawezi kupenya, wa juu ukiwa juu mno, mguu wa nyuma wa mama hunaswa kati ya nyaya mbili, naye hufia pale pale akining'inia. Dawa yake ni rahisi. Waya wa chini huinuliwa hadi sentimita 40 hivi na kubadilishwa usiwe na miiba, wa juu hushushwa, na ng'ombe bado hawatoki.

Shida kubwa ziko kwenye shingo za njia. Karibu na Pinedale, mji uko upande mmoja na Ziwa Fremont upande wa pili. Katikati umebaki upenyo wa mita 400 hivi, na maelfu ya kulungu hupita hapo mara mbili kwa mwaka. Eneo la ekari 364 mahali hapo lilikuwa mali ya mtu binafsi, na nyumba chache za kando ya ziwa zenye uzio zingetosha kuikata safari nzima. Shirika la The Conservation Fund likalinunua kwa takriban dola milioni 2, kisha likalikabidhi kwa idara ya wanyamapori ya jimbo. Mimi sioni shilingi iliyotumika vizuri zaidi katika hadithi hii yote.

Shingo nyingine ni Trappers Point, magharibi mwa mji huohuo. Waakiolojia wamefukua hapo mifupa ya pronghorn, mnyama anayefanana na swala, waliouawa na wawindaji miaka kama 6,000 iliyopita wakipita palepale wanapopita leo. Mwaka 2012 barabara kuu ya 191 ilijengewa madaraja mawili ya wanyama juu yake na vivuko sita chini, na ajali za magari na wanyama zikapungua kwa zaidi ya robo tatu.

Mambo hayo hayana ubishi sana, kwa sababu yananunulika. Uchimbaji wa gesi kwenye njia hizi ndio mgumu. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani wa wakati huo, Ryan Zinke, alitoa amri ya kulinda mapito mwaka 2018, na gavana wa Wyoming, Mark Gordon, akatoa yake mwaka 2020. Amri ya kwanza haikupiga marufuku kukodisha vitalu vya gesi ndani ya shoroba. Ya pili haiwagusi wenye ardhi binafsi. Watetezi wa utaratibu huu wana hoja nzito: mapato ya madini na gesi hulipia shule za jimbo, na wafugaji wakibanwa watauza ranchi, halafu wanunuzi watazikata viwanja. Hoja hiyo ya pili naikubali kabisa. Ranchi kubwa isiyojengwa ni rafiki wa kulungu, hata mwenyewe awe mkali kiasi gani kwa serikali.

Ile ya gesi naiona dhaifu. Katika eneo la gesi la Pinedale Anticline, kulungu walifuatiliwa takriban miaka 15 wakati visima vikichimbwa. Kampuni ziligharamia hatua nyingi za kupunguza madhara, lakini idadi ya kulungu ilishuka kwa asilimia 36, na waliobaki hawakuvizoea visima, waliendelea kuvikwepa. Kitalu ndani ya ushoroba hakina sababu ya kupigwa mnada ilhali kuna vingine nje yake.

Na hapa haraka ni lazima, kwa kuwa njia hii hufundishwa. Mtoto huijua kwa kumfuata mama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kondoo wa mwitu waliohamishiwa milima mipya ya magharibi mwa Marekani walikaa pale walipowekwa. Ilichukua miongo kadhaa, kizazi baada ya kizazi, kundi kujifunza kuhama. Ushoroba uliokufa ukifunguliwa upya, utapata ardhi wazi isiyo na mnyama anayeikumbuka.

Wakenya wanaijua bei ya kuchelewa. Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, wenye ardhi walianza mwaka 2000 kulipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio. Wazo zuri, fedha kidogo: viwanja vya Nairobi vilipanda bei, ardhi ikakatwakatwa, na nyumbu wa tambarare za Athi-Kaputiei, waliozidi 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, wakabaki elfu chache.

Ndiyo maana nawaangalia kwa heshima wapigakura wa kaunti ya Teton, kaskazini mwa njia ya kulungu, ambao mwaka 2019 walikubali dola milioni 10 za kodi yao zijenge vivuko vya wanyama. Serikali kuu nayo ilitenga dola milioni 350 kwa kazi kama hiyo nchi nzima mwaka 2021. Fedha hizo zikielekezwa kwanza kwenye shingo za njia, na wafugaji wakalipwa kodi inayokaribia bei ya soko kwa kutojenga, mzigo utakuwa umegawanywa kwa haki. Kampuni za gesi bado hazijachangia sehemu inayolingana na zinachochukua, na mahali pa kuanzia ni masharti ya kitalu kinachofuata.