Si Jua Waliloliwasha



Lipo neno linalonenwa sana tangu Desemba 2022, nalo limefika hata katika darasa langu, ya kwamba wanadamu wamekwisha kuwasha jua duniani. Mimi nalipinga neno hilo, wala silipingi kwa kuichukia elimu, maana elimu ndiyo kazi yangu. Nalipinga kwa sababu lafunika kwa nguo moja mambo yasiyofanana.

Kwanza tulitazame jua lenyewe. Sehemu yake kubwa ni hidrojeni, kama Bibi Cecilia Payne alivyoonyesha mwaka 1925 kwa habari za nyota. Ndani kabisa, penye joto la digrii kama milioni 15, viini vya hidrojeni hubanwa na uzito wa jua hata vikaungana kuwa heliamu. Kila sekunde tani kama milioni 600 hugeuka hivyo, na katika hizo tani kama milioni 4 hutoka kuwa nuru na joto. Msikiapo hesabu hiyo mwadhani ni moto mkali kupita kiasi. Sivyo. Pimeni ratili kwa ratili, mtaona mwili wa mtoto mchanga aliyelala hutoa joto kulishinda jua mara maelfu! Jua latushinda kwa ukubwa wake tu. Kazi yake ni ya polepole mno, na kwa polepole hiyo limedumu miaka kama milioni 4,600 bila kulipuka.

Basi, walioiga wameiga nini? Tarehe 1 Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu la hidrojeni katika visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki. Mabingwa walikadiria nguvu ya tani milioni 6 hivi za baruti kali. Ikawa milioni 15. Walidhani aina moja ya lithiamu iliyotiwa ndani ya bomu ingekaa kimya, kumbe nayo ikazaa hidrojeni nzito, ikauongeza moto. Kosa la hesabu. Nami nisahihishapo daftari, kosa humpotezea mtoto alama moja. Hili liliwaangukia watu wa Rongelap kama majivu meupe, watoto wakayachezea, ngozi zikaungua, nywele zikang'oka. Wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini wakapatwa na majivu yayo hayo, na Aikichi Kuboyama, mtu wa simu ya upepo katika chombo chao, akafa Septemba mwaka ule.

Na wenyeji wa Bikini je? Hao, watu 167, walikuwa wamekwisha kuondolewa mwaka 1946. Mkubwa wa manowari aliwajia siku ya Jumapili, walipotoka kanisani, akawafananisha na wana wa Israeli, akawaomba watoe nchi yao kwa heri ya wanadamu wote. Wakristo wenzangu, litafakarini ombi hilo, na siku lililoletwa. Baadhi yao walirudi miaka ya 1970, wakaondolewa tena mwaka 1978, kwa kuwa sumu ilikuwa ingali katika vyakula vya nchi.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, hayo ni ya zamani, siku hizi watafuta nguvu ya kuwasha taa." Ni kweli wako watafutao hivyo, kama wale wanaojenga tanuri kubwa huko Cadarache, Ufaransa, nami nawaombea wafanikiwe. Lakini habari ile ya Desemba 2022 ilitoka Livermore, California, katika nyumba iliyojengwa hasa ili Wamarekani wayajue mabomu yao kuwa yangali mazima pasipo kuyalipua. Miali ya leza ilitia megajuli 2.05 katika kidonge cha hidrojeni nzito, kidogo kama punje ya pilipili manga, zikatoka 3.15. Ni ushindi wa elimu, sikatai. Walakini mitambo ya kuitoa miali hiyo ilikula megajuli kama 300. Mkulima apandaye madebe 100 akavuna debe 1 hawaiti jirani kuja kula.

Basi atakayeniambia tena ya kuwa jua limewashwa, nitamwuliza ni lipi: hilo la Livermore lililokula kuliko lilivyozaa, au lile la Bikini?