Likizo ya jamaa wa wanajeshi Marekani: Ajira inalindwa, mshahara la

Mwanajeshi anapojeruhiwa vitani, serikali hugharimia matibabu yake. Lakini anayeketi kando ya kitanda chake mwezi baada ya mwezi ni mkewe, mumewe au mzazi wake, ambaye naye ana mwajiri anayemsubiri. Hilo ndilo pengo ambalo Marekani ilijaribu kuliziba Januari 2008.

Sheria ya likizo ya familia na matibabu, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwaka 1993, ilimpa mfanyakazi wiki 12 kwa mwaka za kuuguza jamaa wa karibu bila kupoteza kazi. Vita vya Iraq na Afghanistan vilidhihirisha kuwa muda huo hautoshi. Mwaka 2007, baada ya gazeti la Washington Post kufichua madhila ya majeruhi katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Rais George W. Bush aliunda tume chini ya Bob Dole na Donna Shalala. Tume hiyo ilipendekeza likizo ya hadi miezi sita, na Bunge likaidhinisha wiki 26 kwa anayemuuguza mwanajeshi.

Aidha, jamaa wa askari wa akiba anayeitwa vitani walipewa wiki 12 za kushughulikia malezi ya watoto, hati za kisheria na maandalizi mengine ya safari hiyo. Mwaka 2009 haki hiyo ilipanuliwa hadi kwa familia za askari wa kudumu wanaopelekwa nje ya nchi.

Hata hivyo, sheria hiyo ina kasoro mbili kubwa. Kwanza, haimhusu mfanyakazi wa kampuni binafsi yenye watu chini ya 50, wala aliyefanya kazi chini ya saa 1,250 katika miezi 12 iliyotangulia. Pili, likizo yenyewe haina malipo. Bima ya afya ya kazini huendelea, lakini kodi ya nyumba na chakula havingoji.

Baadhi ya majimbo yamechukua hatua. New York ilianza mwaka 2018 kulipa sehemu ya mshahara kwa jamaa wa askari anayepelekwa nje, na California ikafuata mwaka 2021. Kwingineko, familia yenye akiba ndiyo inayoweza kuitumia haki hiyo kikamilifu. Isiyo nayo hulazimika kuchagua kati ya mgonjwa na mshahara, uamuzi ambao sheria ilikusudia kuwaepusha nao.