Acheni Kutugawia Madaftari

Kuna imani imeteremka mlima wa Ngomo kutoka Bukavu kwa magari ya mashirika, ikapita bariere zote bila kukaguliwa, ikafika hapa mjini kwetu Kamanyola na kukaribishwa kama mgeni wa heshima. Inasema hivi: ndani ya kila aliyeumizwa na vita imelala hadithi yake ya kweli. Apewe kaye, yaani daftari, na biki, akae peke yake, aandike bila kujizuia, na siku atakapoifikia hadithi hiyo atakuwa amejijua na amepona. Wanaoendesha semina wanaihubiri, wachungaji wanaiitikia amina, vijana wa Uvira wanaitumiana kwenye simu. Mimi nasema ni uongo, na katika mji kama huu ni uongo unaoumiza watu.

Chanzo chake kina heshima yake. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Kila mmoja aliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida, wengine waliandika lile lililowaumiza kuliko yote maishani. Walioeleza tukio pamoja na walivyojisikia walionekana mara chache zaidi kwenye zahanati ya chuo katika miezi iliyofuata. Tafiti zikazaana. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya 146 za aina hiyo, akazipima kwa pamoja, akakuta faida ipo lakini ni ndogo. Pennebaker mwenyewe ameweka sharti ambalo semina zetu hulisahau: ukiona unachokiandika kinakuzidi nguvu, acha, andika kitu kingine.

Kwa hiyo dawa tunayoletewa ilipimwa kwanza kwa vijana wenye kitanda chao, mlango unaofungwa na zahanati ya kukimbilia. Mama wa Kamanyola anayelala chumba kimoja na watoto sita anaambiwa “jitafutie mahali pa utulivu”. Wapi? Na aandike kwa lugha ipi, wakati maelekezo yamechapishwa kwa Kifaransa, semina inaendeshwa kwa Kiswahili, na yeye hulia kwa Kishi?

Lakini hoja ya umaskini ni nyepesi mno, nisije nikashinda kwa kitu rahisi. Tuseme mama huyo ana chumba, ana taa, anasoma na kuandika vizuri. Ataandika nini? Ataandika kile anachojiambia kila usiku: laiti nisingekwenda shambani siku ile, laiti ningemshika mtoto mkono, mume wangu alikuwa na haki ya kuniacha. Daftari litapokea yote. Kesho yake ataandika yaleyale kwa mwandiko ulionyooka zaidi, na keshokutwa yatakuwa yamekauka, yana tarehe na sahihi yake chini. Karatasi haishtuki wala haikunji uso. Haina ulimi wa kumwambia, “Subiri, mama. Nani alikwambia kosa ni lako?”

Swali hilo moja ndilo lililoponya watu Kivu, na ushahidi upo. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji 15 vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, kwa wanawake 405 waliokumbwa na ukatili wa kingono. Kwenye vijiji saba wanawake walikutana na msaidizi mara moja kila mmoja peke yake, kisha mara 11 wakiwa kikundi. Wasaidizi walikuwa Wakongo, si madaktari wala wanasaikolojia, wamefundishwa kazi moja: kushika mawazo ya namna ya “ni kosa langu” na kuyauliza maswali hadi yatikisike. Katika asili yake tiba hiyo hutaka mgonjwa aandike tukio lake. Huku waliliondoa sharti hilo, wakarahisisha masomo hadi yakaweza kukaririwa, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Miezi sita baada ya tiba kumalizika, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 9. Katika vijiji vingine vinane, ambako mwanamke aliweza kumwendea msaidizi wakati wowote akitaka msaada, walikuwa asilimia 42.

Tazama takwimu hizo mbili tena. Hata hao wa vijiji vinane walikuwa na mtu wa kuwasikiliza, na mtu huyo hakutosha. Aliyewavusha wale wengine ni mtu anayeuliza, anayerudi wiki ijayo kuuliza tena, mbele ya wanawake wengine ambao kila mmoja anajiona ndiye mkosaji lakini hawezi kukubali kwamba mwenzake ni mkosaji. Jambo kama hilo haliwezi kutokea kati ya mtu na karatasi yake.

Hapo ndipo imani hii inapokosea zaidi. Inadhani hadithi ya mtu ni kitu kizima kilichofichwa kifuani, kinasubiri kuchimbwa kama dhahabu. Waulizeni wa Sange, kusini yetu kwenye barabara ya Uvira. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka, likavuja, likawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, baadhi wakiwa wamejazana kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Aliyeunguzwa akiwa ndani mbele ya televisheni hakuliona lori. Aliyeliona lori hakujua nani alikuwa ndani. Anayejua kwamba mdogo wako alikuwa ameshatoka akarudi kukutafuta ni jirani, na huenda jirani huyo amekaa na maneno hayo miaka yote akiogopa kukuambia. Ukijifungia na daftari miaka kumi hutayapata, kwa sababu hayakuwahi kuwa ndani yako. Sehemu ya hadithi unayoihitaji zaidi imo kinywani mwa mtu mwingine.

Mji wetu una mfano mkubwa wa mtu aliyejitungia hadithi yake bila kuulizwa. Juni 1964, waasi walipokuwa wameteka Uvira na kuitishia Bukavu, Mobutu, mkuu wa jeshi wakati huo, alikuwa hapa darajani Kamanyola na askari wake. Walipigana. Ukubwa wa pambano hilo umebishaniwa sana na wanahistoria. Lakini mwaka uliofuata mwenyewe alitwaa nchi, na hadithi ikaanza kuota nyama: divisheni ya jeshi iliyofundishwa na Wakorea wa Kaskazini ikaitwa Kamanyola, meli yake ya kifahari kwenye mto Kongo ikaitwa Kamanyola, na mwaka 1994 uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa nao ukaitwa Kamanyola. Kwa zaidi ya miaka 30, nani angemwambia, “Mzee, hebu ilikuwaje hasa?” Nani aliwauliza Wafuliiru waliokuwa upande wa pili? Alipokimbia mwaka 1997 uwanja ukabadilishwa jina, ukawa wa Mashahidi. Hadithi isiyoulizwa huharibika kwa njia mbili tu nijuazo: ya mwenye bunduki huvimba, ya aliyepigwa humgeukia mwenyewe.

Desturi zetu zilikuwa na jawabu lake, nalo ni kilio. Mtu akifiwa, uani hujaa. Kila anayeingia husimuliwa upya: aliugua lini, tulimpeleka wapi, alitamka nini mwishoni. Mfiwa hurudia mara nyingi kwa siku, na hasimulii peke yake. Shangazi hukatiza: hapana, homa ilianza Jumanne. Kijana wa pikipiki aliyembeba marehemu hueleza njiani ilikuwaje. Ikifika siku ya tatu simulizi imenyooka, na mjane anaweza kuifikisha mwisho sauti isikatike. Sikisifu kilio kupita kiasi. Aliyebakwa hasimulii pale, na ni pale pale bibi wa watu huanza kunong’onewa kuwa ndiye mchawi. Kwa majeraha hayo watu wa kufundishwa wanahitajika. Lakini umbo la dawa lilikuwa sahihi, na sasa tunamtoa mtu uani alikozungukwa na watu, tunampeleka pembeni na kaye yake, tunaita maendeleo.

Kuna jambo ambalo wagawaji wa madaftari hawalitamki kabisa. Kaye ni kitu kinachokamatika. Mji huu umepitiwa na wenye sare za kila aina. Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka. Septemba 15, 2017 askari wa serikali walifyatulia risasi wakimbizi wa Burundi hapa hapa na kuua zaidi ya 35. Walionusurika, walipovuka kwenda Rwanda mwaka 2018, walikataa kuandikishwa kwa alama za vidole, na wengi waliwacheka kwa kuwa walisema dini yao hairuhusu. Mimi sikucheka. Mtu akiandika “aliyenifanyia hivi ni fulani, mtoto wa fulani, na sare yake ilikuwa hivi”, kisha nyumba ikapekuliwa, au mume akafungua sanduku, au mtoto akachana ukurasa kufungia karanga, semina ilikwisha zamani na mwezeshaji yuko Bukavu. Maneno yaliyosemwa kwa mtu mwenye siri unaweza kuyakana. Mwandiko wako utaukanaje?

Sipingi kuandika, ninaandika hapa. Hata kwenye tiba, kalamu ina nafasi, ila tazama iko mkononi mwa nani. Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Konstanz, Ujerumani, walitunga njia ambayo mgonjwa hulaza kamba chini iwe maisha yake, anaweka ua penye jema na jiwe penye baya, kisha husimulia kuanzia utotoni. Anayeandika ni mshauri. Kikao kinachofuata humsomea, mwenyewe husahihisha, wanaendelea. Kambini Nakivale, Uganda, njia hiyo ilijaribiwa kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao. Kundi jingine lilipata ushauri wa mazungumzo bila kuandikiwa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliopona katika makundi hayo mawili walikaribiana sana, na yote yaliwaacha mbali wale waliofuatiliwa tu. Ni kweli kundi lisiloandikiwa lilikuwa na wengi zaidi waliokatiza, kwa hiyo simnyimi mwandishi sifa yake. Ila sikuona kundi lililotumwa nyumbani na daftari.

Basi kwa nini madaftari yanapendwa hivi? Kwa sababu boksi moja linatosha kijiji, picha ya kina mama walioshika kalamu inapendeza, na kwenye ripoti unaweza kuhesabu yaliyogawiwa. Msaidizi anayekaa na watu wanane kila wiki kwa miezi mitatu ni ghali, ana nauli, ana watoto, naye pia husikia mambo yanayomnyima usingizi hadi ahitaji mtu wa kumuuliza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyeketi kwenye semina huuona mwepesi zaidi kuliko sote. Kisha mama asipopona, lawama inamrudia yeye: hakuandika kwa bidii, hakufunguka vya kutosha. Ana kosa jingine la kuongeza kwenye kaye yake.

Shirika litakalokuja tena Kamanyola na lianzie hapa: wanawake wawili wa mji huu, wanaojua Kishi, Kifuliiru na Kiswahili, wafundishwe kuuliza, wapewe chumba chenye mlango pale kituo cha afya, walipwe mwaka mzima bila kucheleweshewa, na mtu mwenye uzoefu ateremke Ngomo kila mwezi kukaa nao. Hesabu hiyo ikishalipwa na kukabaki hela, wanunue madaftari, wawagawie watoto wa shule.