Dawa Ipimwe Hadi Mamba

Mgonjwa wa Mamba, katika bonde la Rukwa mkoani Katavi, anapopokea vidonge vya malaria hana njia ya kujua kilichomo ndani yake. Hutazama rangi, husoma tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha humeza kwa imani. Imani hiyo ni amana, na wote waliokabidhiwa hawana budi kuitunza.

Si dawa ya bandia pekee inayodhuru. Hata dawa halali yaweza kubeba mabaki ya kemikali za kiwandani, au kemikali mpya zinazozuka inapoharibiwa na joto na unyevu. Kikulacho ki nguoni mwako. Wataalamu huubaini uchafu huo kwa kromatografia ya kimiminika. Kidonge husagwa na kuyeyushwa, kisha kimiminika chake husukumwa kwa shinikizo kubwa katika bomba lililoshindiliwa chembe laini mno. Kila kemikali hupita kwa mwendo wake, na mtambo huichorea kilele chake, ambacho hulinganishwa na kigezo kinachojulikana. Kwa njia hii hata sehemu 1 ya uchafu katika 1,000 za dawa huweza kuonekana.

Nchi yetu haikulala katika jambo hili. Maabara ya Dar es Salaam ya mamlaka ya dawa, ambayo tangu mwaka 2019 inaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Hata hivyo, mtambo huona kile tu unacholetewa na kinachotafutwa. Mwaka 2018, valsatani, dawa ya shinikizo la damu, ilianza kuondolewa madukani Ulaya na Marekani ilipogunduliwa kuwa na NDMA, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Vipimo vya kawaida vilikuwa vimeipitisha, kwa kuwa hakuna aliyeitafuta kemikali hiyo.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Dawa iliyopimwa bandarini ikaonekana safi bado ina safari ndefu hadi Mamba. Dawa mseto ya malaria yapasa ihifadhiwe katika nyuzi joto zisizozidi 30, na chumba chenye paa la bati, kisicho na dari wala hewa, ni vigumu kukidhi sharti hilo wakati wa jua kali.

Kwa hiyo tunashauri kwamba sampuli zichukuliwe pia mwisho wa barabara, katika zahanati na maduka ya dawa muhimu ya Mamba, na majibu yarudishwe huko huko. Halmashauri ziweke vipimajoto katika stoo za dawa. Wauza dawa wasianike bidhaa zao juani. Wananchi nao watunze paketi yenye namba ya toleo, na wakiona kidonge kimebadilika wakipeleke kwa mganga, bila kuacha matibabu kwa hofu.

Afya ya mtu wa Mamba haina thamani pungufu kuliko ya mtu wa mjini. Dawa yake nayo istahili kipimo kile kile.