Bei Iliyokatwa Mstari

Mshahara wa askari huja mara moja kwa mwezi, lakini matangazo ya bidhaa humfikia kila siku kwa simu. Bei ya zamani imekatwa mstari, bei mpya yang'aa kwa rangi nyekundu, na mkewe huamini kuwa wamepunguziwa. Huenda hawakupunguziwa kitu.

Mwaka 2022 maduka ya Aldi Süd ya Ujerumani yalitangaza ndizi kwa euro 1.29 badala ya 1.69, yaani punguzo la asilimia 23. Kumbe katika siku 30 zilizotangulia ndizi hizo ziliwahi kuuzwa kwa euro 1.29 ile ile. Tarehe 26 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba punguzo sharti lihesabiwe kutoka bei ya chini kabisa ya siku 30 hizo. Sheria hiyo huwabana wauzaji wa madukani na wa intaneti vilevile.

Pasipo sheria ya namna hiyo, familia yaweza kujilinda kwa daftari. Bei ya sukari, sabuni na viatu vya watoto iandikwe kila wiki. Tangazo likija, daftari lifunguliwe kabla ya mkoba. Njia ya mwongo ni fupi.